Barua za Wasomaji: Magadi, Mji Unaoishi kwa Soda

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja: watu wanaishije Magadi, kule chini kabisa ya Bonde la Ufa katika kaunti ya Kajiado, ambako mvua ni haba, jua halina huruma na ardhi yenyewe ni chumvi? Mji huo ulianzishwa na kampuni na kujengwa na kampuni, na mpaka leo kazi yake kubwa ni kuvuna magadi ziwani. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Magadi yamechimbwa kule kwa zaidi ya miaka mia moja na bado yapo. Mbona machimbo mengine huisha? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kitui)

JIBU: Fikiria sufuria iliyo mekoni ambayo kila siku kuna anayeiongezea maji. Ziwa Magadi lina kilomita za mraba 100 hivi, liko kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na hakuna mto unaotoka ndani yake. Pembezoni kuna chemchemi za maji ya moto, baadhi zikifika nyuzi 86 za sentigredi. Maji hayo yamepenya miamba ya volkano na kubeba sodiamu na kaboneti kwa wingi. Kalisi na magnesi, ambazo kwingineko hujaa majini, hapa huganda mapema na kubaki njiani. Maji yakishaingia ziwani hayana pa kwenda ila juu, kwa nguvu ya jua. Kinachobaki ni magadi mabichi, ambayo wanakemia huyaita trona, Na2CO3·NaHCO3·2H2O. Masika yakija, maji hufunika ukoko huo wa magadi na kuyeyusha uso wake. Kiangazi kikirudi, ukoko hujifunga upya.

Uvunaji hufanywa na mtambo unaoelea katika bwawa ambalo umejichimbia wenyewe ndani ya ukoko. Trona hukatwa, husagwa, huchanganywa na maji yaleyale ya ziwa mpaka iwe kama uji mzito, kisha pampu huusukuma uji huo kwa bomba hadi kiwandani, ufuoni. Kwa nini wasitumie maji baridi? Maji baridi ni adimu pale, lakini sababu kubwa ni nyingine: maji ya ziwa yameshiba magadi, hayawezi kuyeyusha mengine. Maji baridi yangeyeyusha mavuno humohumo bombani. Kiwandani trona huoshwa ili kupunguza udongo, chumvi ya kawaida na floridi, hukamuliwa maji, kisha huingizwa katika tanuri linalozunguka.

Humo tanurini, kwenye joto la nyuzi 150 hadi 300 hivi, trona hupoteza maji na kaboni dioksidi, ikabaki soda kavu, yaani kaboneti ya sodiamu, ambayo viwanda vya vioo huinunua. Chukua kalamu upige hesabu. Molekuli mbili za trona zina uzito wa 452. Hutoa kaboneti ya sodiamu yenye uzito wa 318, maji 90 na kaboni dioksidi 44. Kwa hiyo kila kilo 1,000 za trona safi huzaa kilo 704 za soda kavu; kilo 199 huenda kama mvuke na kilo 97 kama gesi. Ndiyo maana tanuri liko ziwani wala si bandarini: haina maana kulipia reli ibebe karibu kilo 300 za maji na gesi katika kila tani.

Shida kubwa ya kiwanda cha namna hii ni usafi. Chumvi na floridi zikibaki nyingi, mwenye kiwanda cha vioo huikataa soda hiyo, maana hudhuru matofali ya tanuri lake. Shida nyingine huanza safarini. Soda kavu hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa inao wa kutosha. Ikiachwa wazi hugeuka mabonge magumu ambayo hayamiminiki.

Sasa linganisha na Wyoming, Marekani, ambako trona iligunduliwa mwaka 1938 watu wakitafuta mafuta. Ile iko mamia ya mita chini ya ardhi, mabaki ya ziwa lililokauka miaka milioni 50 hivi iliyopita, na ikichimbwa hairudi. Ya Magadi hurudi. Ila hurudi kwa kasi ya chemchemi, si kwa kasi ya mtambo. Mahali palipochimbwa kupita kiasi hubaki shimo kwa muda mrefu.

SWALI: Wanafunzi wangu wanaamini mji wa Magadi ulizaliwa na reli kama Nairobi. Je, niwaache na imani hiyo? (Mwalimu wa historia, Nyeri)

JIBU: Usiwaache, Mwalimu. Nairobi ilikuwa kituo cha reli iliyokuwa ikielekea kwingine. Magadi ni kinyume: reli yenyewe ilijengwa kwa ajili ya ziwa. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na tawi la reli la karibu kilomita 146 likatoka Konza, kwenye njia ya Mombasa, likapita Kajiado na kushuka hadi ziwani. Lilikamilika mwaka 1915, vita na Wajerumani vikiwa vimepamba moto na mpaka wa himaya yao uko karibu tu upande wa kusini, kwenye Ziwa Natron.

Waonyeshe wanafunzi ramani yenye mwinuko. Kutoka ziwani hadi nyanda za Kajiado na Konza reli hupanda zaidi ya mita 1,000. Kila mhandisi wa reli ya madini huomba mzigo ushuke na mabehewa matupu yapande. Magadi ni kinyume tena: soda hupanda mlima, na matupu hushuka. Mafuta ya tanuri nayo hayana budi kuletwa kutoka nje. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini miaka ya mwanzo ilikuwa migumu kifedha, ingawa mali yenyewe ilikuwa imelala juu ya ardhi, haihitaji hata kufukuliwa.

Mshindani wa soda ya Magadi alikuwa soda ya kutengenezwa. Tangu miaka ya 1860 njia ya Ernest Solvay ilikuwa imewezesha viwanda vya Ulaya kupata soda kutokana na chumvi, chokaa na amonia. Kampuni ya Brunner Mond ya Uingereza ilitajirika kwa njia hiyo, na ndiyo iliyoichukua Magadi mwaka 1924. Miaka miwili baadaye Brunner Mond ikaungana na nyingine kuunda ICI, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza. Mwaka 1991 biashara hiyo ya soda ikajitenga tena chini ya jina la Brunner Mond, na mwaka 2005 ikanunuliwa na Tata Chemicals ya India.

Lakini historia ya wenye hisa ni nusu tu. Ziwa na reli viko katikati ya nchi ya Wamaasai. Mwaka 1904 walitia saini na Waingereza mkataba uliowagawa katika maeneo mawili, Laikipia na kusini, nao uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Haukudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911, mwaka uleule kampuni ilipoundwa, mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 na kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Watu walewale walioambiwa hawana haki ya kushtaki kama raia walikuwa wakitawaliwa kama raia. Somo la Magadi lisilotaja mikataba hiyo lina pengo kubwa, na mwanafunzi wa Kajiado ataliona.

Kuhusu mji wenyewe: kampuni haikujenga nyumba, hospitali, shule na bomba la maji kwa ukarimu. Bila hivyo, nani angekuja kukaa kwenye joto la nyuzi 40 mahali pasipo maji wala shamba? Na kama ilivyokuwa katika miji ya kampuni ya enzi za ukoloni, cheo na rangi viliamua nani anapewa nyumba gani. Waambie wanafunzi wautembee mji wowote wa namna hiyo wakitazama ukubwa wa madirisha na upana wa baraza. Mpangilio wa zamani husomeka ukutani.

SWALI: Mume wangu amepata kazi Magadi na tunahamia na watoto wawili. Naweza kuchimba kisima? Na mboga nitapanda wapi? (Mama watoto, Thika)

JIBU: Kisima usichimbe, dada. Maji ya ardhini karibu na ziwa yana magadi na floridi, na kuyachemsha hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu, lakini soda hubaki, tena huzidi ukali kwa sababu sehemu ya maji imeondoka kama mvuke. Maji matamu ya mji hutoka Nguruman, kwenye genge la magharibi mwa bonde, kwa bomba la makumi ya kilomita. Bomba refu namna hiyo likipasuka mahali pamoja, mji wote unasubiri fundi.

Kwa hiyo jiwekee akiba. Watu wanne, lita 20 kila mmoja kwa siku, kwa siku tatu, ni lita 240. Pipa la lita 250 lenye mfuniko linatosha, pamoja na madumu mawili ya maji ya kunywa yanayokaa ndani ya nyumba. Pipa likae kivulini na lipakwe rangi nyeupe; jeusi juani hufanya maji yakawa ya moto kabisa ifikapo alasiri. Kinga maji alfajiri, kabla jua halijapasha mabomba yaliyo juu ya ardhi. Mwaga na kusugua pipa kila wiki mbili, na tumia maji ya zamani kwanza.

Watoto wafundishe kunywa kabla hawajaona kiu. Mtoto akiharisha au kutoka jasho jingi hadi kulegea, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi ya mezani, umpe kidogo kidogo huku ukimpeleka hospitalini. Chumvi ya mezani, narudia. Magadi hayafai hata chembe kwa kazi hiyo.

Mboga panda kwenye magunia. Udongo wa pale una sodiamu nyingi: ukilowa hujifunga kama kauri, na ukikauka hupasuka. Njoo na udongo wa Thika pamoja na samadi, changanya mapipa mawili ya udongo kwa moja la samadi iliyooza, na weka kokoto katikati ya gunia kama bomba ili maji yashuke sawasawa. Toboa chini. Mwagilia maji ya bomba pekee, jioni. Baada ya miezi michache ukiona unga mweupe juu ya udongo, chumvi imeanza kujikusanya. Mwagilia mara moja kwa wingi hadi maji yatiririke chini, na ongeza konzi ya jasi. Kalisi ya jasi huing'oa sodiamu kwenye udongo ili maji yaioshe. Sukuma na kunde hustahimili kuliko kabichi.

SWALI: Soda ikiingia machoni kiwandani, ni kweli ndimu huikata? (Kibarua, Kajiado)

JIBU: Hapana, na ushauri huo unaweza kukupofusha. Soda ikichanganyika na machozi inachoma kwa ukali wa alkali. Ndimu ni asidi: huongeza kidonda kingine, na zikikutana hutoa povu na joto. Dawa ni maji safi, mara moja, yakitiririka kutoka pembe ya jicho upande wa pua kwenda nje, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Kisha hospitalini, hata kama maumivu yametulia, maana alkali huendelea kupenya ndani ya jicho kimyakimya.

SWALI: Nimepewa kazi ya kujenga karibu na ziwa. Nyumba za jirani zote plasta imebambuka chini, kimo cha goti. Kosa liko wapi? (Fundi mwashi, Kajiado)

JIBU: Kosa liko kwenye msingi, fundi, wala si kwenye plasta. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, yakiwa yamebeba soda na chumvi. Yakifika mahali upepo unapoyakausha, chumvi hugeuka fuwele nyuma ya plasta. Fuwele inapokua husukuma, na plasta huachia. Kurudishia plasta juu ya ukuta huo ni kupoteza saruji: itashika mwaka mmoja, na safari hii unyevu utapanda juu zaidi.

Kwenye nyumba mpya, tandika karatasi nzito ya nailoni juu ya ukuta wote wa msingi, angalau sentimita 15 juu ya ardhi, na viungo vyake vipishane sentimita 15 pia. Kisha hakikisha hakuna anayelaza udongo au plasta ya nje juu yake, maana unyevu utapata daraja la kupandia. Maji ya kukorogea na ya kumwagilia zege yawe matamu, ya bomba. Zege limwagiliwe siku saba mfululizo, na katika joto lile lifunikwe kwa magunia yaliyolowa. Likikauka upesi hupasuka kabla halijapata nguvu.

Mchanga chota mbali na ziwa. Upime hivi: weka konzi mbili ndani ya glasi ya maji matamu, koroga, acha utulie saa moja, mimina maji ya juu kwenye kioo au sahani nyeusi na uyaache yakauke. Yakiacha utando mweupe mzito, na siki ikiuchemsha povu, mchanga huo una magadi. Uoshe, au tafuta mwingine.

Kokoto ndizo mafundi wageni husahau. Kandokando ya Ziwa Magadi kuna jiwe la gumegume, gumu, linalong'aa, la kuvutia kwa ujenzi. Wanajiolojia wanalijua sana, na hata madini ambayo hulizaa yamepewa jina la ziwa: magadiiti, yaliyoelezwa mwaka 1967. Usilitie kwenye zege. Silika ya gumegume na sodiamu ya magadi, zikipata unyevu, hutengeneza ute unaovimba polepole ndani ya zege. Miaka mitano, kumi, nguzo huanza kuchora nyufa kama ramani. Hapo hakuna dawa. Tumia kokoto za jiwe jeusi la volkano lililo imara.

Kwa ukuta ulioharibika tayari: bomoa plasta hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, piga ukuta kwa brashi kavu na uzoe unga wote. Usiuoshe kwa maji, utakuwa unairudisha chumvi ndani. Kata unyevu chini kwanza. Uache ukuta miezi kadhaa upumue, ukiupiga brashi kila unga unapotokea, kisha ndipo upige plasta ya chokaa.

SWALI: Mtoto wangu anauliza kama kuna samaki kwenye ziwa la soda. (Mzazi, Mombasa)

JIBU: Wapo, na ni wa ajabu. Ni perege wadogo wa jamii ya Alcolapia grahami, wanaoishi kwenye vidimbwi vya chemchemi pembeni, katika maji ya nyuzi 40 na ushee. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia matamvua, lakini katika maji makali hivyo amonia haitoki. Mwaka 1989 wanasayansi walieleza kwamba perege hawa huigeuza yote kuwa urea, kama binadamu anavyofanya. Mwambie pia kuhusu heroe (flamingo). Mwaka 1962 Ziwa Natron lilifurika, heroe wadogo wakahamia Magadi kutaga kwa wingi mno. Magadi yakaganda miguuni mwa makinda kama bangili nzito, na watu walifanya kazi ya kuzivunja bangili hizo ili makinda waweze kutembea. Maelfu waliokolewa.

SWALI: Nina hoteli ndogo. Kiasi gani cha magadi kinafaa kwenye githeri? Mteja mmoja anasema ni sumu. (Mpishi, Nakuru)

JIBU: Sumu inategemea mkono wa mpishi. Magadi hulegeza kile kinachogandisha chembe za ganda la maharagwe, ndiyo maana yanaiva upesi. Hulinda pia rangi ya kijani ya kunde na mrenda. Kwa kilo moja ya maharagwe makavu, nusu kijiko cha chai cha magadi yaliyosagwa yanatosha. Yayeyushe kwenye kikombe cha maji, yaache dakika kumi mchanga utuame, mimina maji maangavu na utupe machicha.

Hesabu ni hii. Trona safi ni sodiamu kwa asilimia 30 hivi. Nusu kijiko ni kama gramu 2.5, yaani gramu 0.75 za sodiamu, na ukigawa sahani kumi kila mteja hupata kidogo sana. Lakini mpishi mwenye haraka anayetupia konzi ya gramu 30 ametia gramu 9 za sodiamu. Kila sahani sasa ina karibu gramu 0.9 kabla hata hujatia chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku. Mteja mwenye presha unamuumiza bila kujua.

Hasara nyingine ni vitamini B1, ambayo huharibika haraka kwenye alkali, na ladha: yakizidi, chakula huwa na ukakasi wa sabuni. Kisha kuna floridi, ambayo magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa nayo, kwa viwango tofauti kila mahali. Haitoki kwa kuchemsha. Mtoto ambaye meno ya ukubwani bado yanajijenga, yaani chini ya miaka minane hivi, ndiye huathirika: meno huota na madoa ya kahawia yasiyofutika. Chakula cha watoto usitie magadi kabisa.

Njia bora ni kuloweka maharagwe saa 8 hadi 12, kumwaga maji hayo, na kupika kwa maji mapya. Ukilazimika, tia magadi kwenye maji ya kuloweka kisha uyamwage; utapata ulaini na kuacha sehemu kubwa ya sodiamu nje. Tumia chungu au sufuria ya chuma cha pua. Sufuria ya alumini huliwa na magadi, ndiyo sababu huwa nyeusi ndani na baada ya muda hutoboka vitundu.

SWALI: Nina miaka 22 kazini, naishi nyumba ya kampuni katika mji wa kiwanda. Tunasikia watu watapunguzwa. Nijiandaeje? (Mfanyakazi, amefichwa jina na mahali)

JIBU: Mzee wetu, anza na karatasi. Katika mji wa kampuni kazi na paa la nyumba ni mkataba mmoja. Kimoja kikiondoka, kingine hufuata. Tafuta barua yako ya ajira usome inasemaje kuhusu nyumba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri akupe makao au fedha za kodi, isipokuwa mshahara wako umeshajumlisha kodi. Hiyo ni haki ya aliye kazini. Kwa hiyo siku taarifa itakapokuja, jambo la kwanza kuomba kwa maandishi ni tarehe ya kutoka katika nyumba. Kama una watoto shuleni, omba isogezwe hadi mwisho wa muhula. Ombi la namna hiyo, likipitia chama cha wafanyakazi, hukubaliwa mara nyingi kuliko la mtu mmoja.

Kifungu cha 40 kinaeleza upunguzaji wenyewe. Chama cha wafanyakazi na afisa wa leba lazima wajulishwe kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama hujulishwa yeye binafsi pamoja na afisa wa leba. Wanaoachishwa hawachaguliwi kwa kupendwa au kuchukiwa: muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja kazini lazima vizingatiwe. Likizo ambazo hukuzitumia hulipwa kwa fedha taslimu. Notisi ni ya mwezi au mshahara wa mwezi. Juu ya hayo kuna malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwako ni siku 330. Uliza mapema kama mshahara wa siku unapatikana kwa kugawa mwezi kwa 30 au kwa 26, maana kwa siku 330 tofauti si ndogo. Makubaliano ya chama chenu yakitoa zaidi ya sheria, dai hayo.

Cheti cha utumishi, kifungu cha 51, usiondoke bila hicho. Taarifa zako za NSSF na za pensheni zipate sasa, ukague mwaka kwa mwaka. Mwezi uliorukwa miaka 15 iliyopita ni rahisi kurekebishwa wakati ofisi ya malipo ikiwa bado wazi.

Na tafadhali, fedha hizo usifungue nazo duka hapohapo mjini. Wateja wako wangekuwa walewale waliopunguzwa pamoja nawe, na nyumba ya kukaa huna tena. Peleka fedha mahali ambapo utakuwa na ardhi yako au ukoo wako.

SWALI: Tunataka kwenda Magadi na kurudi Nairobi siku moja, kwa matatu ya kukodi. Tujihadhari na nini? (Kikundi cha vijana, Ruiru)

JIBU: Njia hupita Ongata Rongai, Kiserian na Kona Baridi, kisha hushuka; jumla ni kati ya kilomita 110 na 120 kutoka Nairobi. Kuanzia kwenye vilima vya Ngong mnashuka kama mita 1,400, na kwa kuwa joto huongezeka kama nyuzi 6.5 kila mita 1,000, mtaikuta Magadi ina joto la nyuzi tisa zaidi ya mlikotoka, achilia mbali mng'ao wa ukoko mweupe. Dereva ashuke kwa gia ndogo. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto mpaka hazishiki, na ukinusa harufu ya kuungua, simameni nusu saa, msizimwagie maji. Mkiwa njiani simameni Olorgesailie muone mashoka ya mawe yaliyoachwa na watu wa kale. Ni vigumu kuamini wingi wake mpaka uyaone.

Beba lita nne za maji kwa kila mtu. Fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Rangi ya waridi mtakayoiona ziwani ni vijidudu wanaopenda chumvi na magadi. Mmoja wao, Natrialba magadii, amepewa jina la ziwa hilohilo. Msitembee juu ya ukoko bila mwenyeji, hata kama kuna alama za magurudumu. Mahali pengine ni mgumu kama zege, na hatua mbili mbele ni unene wa sahani juu ya maji ya moto ya chumvi. Aliyezama mguu avue kiatu mara moja na kuosha kwa maji mengi matamu, kwa sababu soda ikikauka kwenye ngozi hukwaruza na kuchoma kwa pamoja.

Kurudi ndiko injini huchemka. Ondokeni baada ya saa kumi jioni jua likipungua, zimeni kiyoyozi kwenye mpando, na mkiona mshale wa joto umepanda simameni mkaache injini ikinguruma taratibu ipoe. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe hadi uguseke kwa mkono. Kesho yake oshea uvungu wa gari maji matamu, hasa mabomba ya breki na upande wa ndani wa magurudumu, kabla vumbi la magadi halijapata umande.